Dirisha Ndani ya Simu Iliyozimwa

Fundi simu alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Mbele yake, juu ya meza ya Inspekta, zilikuwa zimetandazwa picha, na kila picha ilikuwa ya simu.

"Laini imesajiliwa kwa jina lako," Sajini alisema. "Kitambulisho ni chako. Sura ni yako. Sasa unataka tumkamate nani, jirani?"

"Afande, mimi natengeneza simu. Siuzi."

"Anayetengeneza ndiye anayejua namna ya kuuza mbovu."

Inspekta alimwacha Sajini aendelee. Mwenzake alikuwa mtu wa kifua na sauti, na wengi walisema ukweli ili tu anyamaze. Yeye mwenyewe hakuwa mwanamke wa haraka. Kituoni walimwita Taratibu, kwanza kwa kumkejeli, baadaye kwa heshima, na jina likamganda hata mkuu wa kituo akasahau lile lililoandikwa kwenye faili.

Kesi yenyewe ilikuwa imewachosha. Mtu alitangaza simu mtandaoni, simu nzuri, karibu mpya, kwa bei ya kuvutia lakini isiyotia shaka. Mnunuzi akipiga, alijibiwa na mwanamke mpole aliyemwomba malipo ya awali kidogo tu, ili simu isichukuliwe na mwingine. Malipo yakishafika, mwanamke alitoweka kama moshi. Walalamikaji walikuwa wengi: msusi, mwalimu wa chekechea, ndugu wawili wapaka rangi. Kilichomshangaza Inspekta ni kwamba kila mmoja alimweleza muuzaji tofauti. Msusi aliongea na mwanachuo anayesafiri kwenda masomoni. Mwalimu aliongea na muuguzi aliyezawadiwa simu mbili. Wale wapaka rangi waliongea na mama mmoja mcheshi aliyewaita wanangu. Picha nazo zilipigwa kwenye nyumba tofauti: meza ya ofisi, kitanda chenye shuka la maua, dawati la mwanafunzi, jiko lenye vigae vyeupe. Mkuu wa kituo alishasema ni genge.

"Kitambulisho chako kiliwahi kutoka mikononi mwako?" Inspekta aliuliza.

Fundi aliwaza. "Nilikitoa kopi, pale duka la kopi karibu na benki. Karatasi ya kwanza ilifubaa, nikaiacha pale pale."

"Ukaiacha," Sajini alirudia, kwa sauti ya mtu anayeambiwa hadithi za sungura. "Una mke?"

"Ninaye."

"Mpigie. Weka spika."

Fundi alipiga. Walalamikaji wote walikubaliana kwamba sauti ya muuzaji ilikuwa laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. Simu ilipopokelewa, chumba kikajaa sauti nzito, ya kukwaruza, kama ya dereva wa lori mwenye mafua.

"Wewe, uko wapi mpaka saa hizi? Na nani huyo anapumua hapo?"

Sajini aliacha kupumua. Inspekta aliinamisha kichwa kuficha tabasamu, akamwambia fundi kwamba anaweza kwenda nyumbani, na kwamba siku nyingine karatasi iliyofubaa aichane mwenyewe.

Walipobaki wawili, Sajini alijitupa kwenye kiti. "Tumerudi sufuri."

Inspekta alikuwa ameshika picha moja, ile ya jiko la vigae, akiigeuzageuza chini ya mwanga. Kisha akachukua ya dawati. Kisha ya shuka la maua.

"Sajini, ungekuwa unauza simu, ungeipigaje picha?"

"Ningeiwasha. Mtu aone inawaka."

"Hizi zote zimezimwa. Hakuna hata moja inayowaka."

"Labda anabana chaji."

Inspekta aliivuta kompyuta, akaifungua picha ya jiko na kuikuza. Kioo cheusi cha simu kikajaa skrini nzima. Mwanzoni aliona weusi tu. Kisha, kama macho yanavyozoea giza, akaona kwamba ule weusi una kitu ndani. Mstari wa mwanga. Nondo zilizopishana. Dirisha. Na nje ya dirisha, dogo kama punje ya mchele, tangi la maji lililosimama juu ya miguu mirefu, na ngazi ubavuni.

Akafungua picha ya dawati, akaikuza. Dirisha lile lile. Tangi lile lile. Akafungua ya ofisi, ya kitanda, zote. Nyumba zilibadilika, lakini kila simu iliyolala pale ilikuwa imebeba kifuani dirisha lile lile, kimya kimya, bila mwenyewe kujua.

Inspekta aligundua kwamba amesahau kukaa. Miaka yote ya kazi alikuwa amezoea watu kumficha mambo, lakini hakuwahi kuona kitu kikisema wazi hivi huku kimezimwa.

"Si genge," alisema taratibu. "Ni chumba kimoja."

"Chumba kimoja chenye jiko, ofisi na vitanda?"

"Ndicho ninachotaka kukiona."

Matangi ya miguu mirefu yalikuwa machache mjini, na lenye ngazi ya nje lilikuwa moja, kwenye mtaa wa viwanda vidogo na nyumba za ghorofa za kupanga. Walifika asubuhi. Mafundi vyuma walikuwa wakichomelea mageti, cheche zikiruka mpaka barabarani. Sajini aliishika picha, akaliangalia tangi, akazunguka mpaka ngazi ikakaa upande wa kushoto kama kwenye picha.

"Tusimame hapa, tutazame nyuma yetu. Dirisha liko upande huu."

Nyuma yao kulikuwa na ghala la mbao lisilo na dirisha hata moja. Waliuliza mlinzi, wakauliza mwenye kibanda cha vocha, wakazunguka ghala na kurudi walikotoka. Jua likaanza kuuma. Sajini alijifuta jasho shingoni akasema labda tangi ni la mji mwingine na wao wameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Inspekta alikuwa amesimama mbele ya dirisha la gari lao, akijirekebisha kola. Mkono wake wa kulia ulikuwa kolani. Yule mwanamke wa kwenye kioo alikuwa anatumia wa kushoto.

Alicheka kidogo, akijicheka mwenyewe. "Sajini, sisi hatuangalii picha ya tangi. Tunaangalia kioo. Kushoto ni kulia."

Wakavuka kwenda upande wa pili. Huko, ngazi ikiwa kulia, ilisimama nyumba ya ghorofa ya rangi ya krimu, imechakaa lakini imefagiwa. Ghorofa ya juu ilikuwa na dirisha moja tu linalotazama tangi, na nondo zake zilipishana.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene, mwenye khanga kiunoni na mdomo usiolala njaa. Aliwapokea ngazini bila kuwapisha.

"Juu anakaa nani, mama?" Inspekta aliuliza.

"Fundi Pazia. Anashona mapazia. Mpangaji safi, halewi, hagombani na mtu."

"Anakaa na nani?"

"Peke yake."

"Anapata wageni?"

Mama alisita. "Wageni hana. Lakini sauti zipo. Nikipita mlangoni namsikia mwanachuo anaomba radhi. Kesho namsikia bibi kizee anakohoa. Niliwahi kumuuliza, akaniambia anafanya mazoezi ya maigizo ya redio. Nikasema sawa, kila mtu na riziki yake." Aliwatazama mmoja mmoja. "Amefanya nini mwanangu?"

"Tunakwenda kumuuliza," Inspekta alisema, na kwa upole akamshika mkono, akapita.

Walibisha mlango. Aliyeufungua aliwatazama kama mtu aliyekuwa akisubiri fundi bomba: mwanamke wa makamo, mwembamba, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Inspekta alionyesha kitambulisho. Fundi Pazia alikisoma chote, kisha akasogea kando.

"Karibuni," alisema. "Viatu msivue, mtakanyaga pini."

Sajini alitangulia kuingia, akasimama ghafla hata Inspekta akamgonga mgongoni.

Chumba kilikuwa kimoja. Lakini kutoka darini zilishuka nyaya, na kwenye kila waya lilining'inia pazia, na mbele ya kila pazia palikuwa na nyumba. Hapa palikuwa na kipande cha jiko: ubao mmoja uliobandikwa vigae vyeupe, bilauri, sabuni ya vyombo iliyotumika nusu. Hatua moja pembeni, ofisi: pembe ya meza, kalamu kwenye kikombe, kalenda imezungushiwa duara kwa mkono. Pale dawati la mwanafunzi, lenye kifutio kilicholika na jina la mtu limechorwa kwenye mbao kwa ncha ya bikari. Kiti cha gari, kimeng'olewa na kuwekwa juu ya kreti. Kitanda kisichokuwa kitanda bali godoro nusu lenye shuka la maua, na juu ya shuka, nguo ya mtoto mchanga iliyokunjwa. Kila nyumba ilikuwa na upana wa picha moja. Ukiegemea kushoto unatoka jikoni, ukiegemea kulia unaingia ofisini.

Inspekta alitembea kati yao akiwa amefumbata mikono, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada pa watu asiowajua. Alijua kwamba hapa ndipo watu walipoibiwa. Alijua vilevile kwamba hajawahi kuona kazi ya mikono ya namna hii. Aliinama kwenye nguo ya mtoto. Ilikuwa na doa dogo la maziwa kwenye kola.

"Doa ni la kweli?"

"Ni rangi ya maji," Fundi Pazia alisema. "Nguo safi inatia shaka. Nyumba yenye watu haikosi doa."

Katikati ya chumba, juu ya kitambaa cheusi, ililala simu yenyewe. Inspekta alivaa glavu, akaiinua. Ilikuwa nyepesi mno. Alibonyeza kitufe cha kuwashia, hakikubonyea. Aliigonga kwa ukucha, ikalia kama kopo.

"Ganda tupu," Sajini alisema.

"Ni ile ya maonyesho, ya kupamba kabati dukani," Inspekta alisema. "Ndani hakuna kitu. Ndiyo maana haikuwahi kuwaka." Alimgeukia yule mwanamke. "Hakuna aliyewahi kukuomba umpigie picha ikiwa imewashwa?"

"Wachache. Hao niliwaambia imeshauzwa." Alisema bila majivuno, kama mtu anayeeleza upindo wa pazia. "Anayeuliza swali la pili, simfuati."

Sajini alikuwa anatoa pingu pale simu nyingine ilipoanza kutetema, simu ya kweli, ndogo, kwenye dirisha lile la nondo. Kwenye kioo palikuwa pameandikwa: Babu Saa.

Fundi Pazia aliitazama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapoteza utulivu.

"Huyu ni nani?"

"Mnunuzi."

"Yuko wapi?"

"Kwa wakala, alisema atapiga akifika. Anataka kutuma malipo."

Inspekta aliipokea mwenyewe. "Mzee, shikamoo. Mimi ni afisa wa polisi. Tafadhali usitume chochote, huyo unayewasiliana naye ni—"

"Marahaba, binti," sauti ya mzee ilisema, ya upole lakini imejifunga. "Nilijua mtaingilia. Mama wa watu alishaniambia mtaingilia laini yake, mjifanye polisi, mniharibie. Muogopeni Mungu." Akakata.

Inspekta alipiga tena kutoka kwenye simu yake mwenyewe. Mzee aliposikia sauti tu, akakata. Sajini akapiga, kwa ule mkoromo wake wa kazini, na hilo ndilo lililoharibu kabisa. Simu haikupokelewa tena.

"Yuko mji gani?" Sajini alimgeukia Fundi Pazia.

"Mbali. Hata sijui mtaa."

"Umemwambia nini?" Inspekta aliuliza.

Mwanamke alikaa kwenye kile kiti cha gari. "Mimi kwake ni mjane. Simu ni ya marehemu mume wangu, na siwezi kuendelea kuitazama. Yeye alikuwa fundi saa, macho yamechoka ameacha. Analea mjukuu. Mtoto hasikii, na mama yake anafanya kazi nchi ya mbali. Wanataka simu yenye kamera nzuri, mtoto na mama waongee kwa mikono. Simu aliyonayo picha inagandaganda, mtoto anaona nusu ya neno." Aliuvuta utepe wa shingoni. "Aliniambia siku ya kwanza. Watu huniambia kila kitu."

"Na wewe ukaendelea."

"Nikaendelea."

Inspekta alimtazama. Hakuona machozi, wala hakuyatafuta. Aliinua ile simu ndogo, akamnyooshea.

"Taratibu, hapana," Sajini alisema. "Atampa ishara. Atamwambia atume kwenye namba nyingine, sisi tumesimama hapa kama makabati."

"Anaweza. Lakini mimi mzee haniamini, wewe hata sauti yako hataki kuisikia. Duniani kuna mtu mmoja tu anayeweza kumzuia." Kisha kwa mwanamke: "Sikuahidi kitu. Mahakamani utakwenda. Mpigie."

Fundi Pazia aliishika simu kwa muda. Nje, mtu alikuwa akipiga chuma, kisha akaacha. Alibonyeza, akaweka spika.

Na pale, mbele ya macho yao, akazeeka. Mabega yakashuka, shingo ikatangulia mbele, mkono uliokuwa umetulia ukaanza kutafuta ukingo wa kiti. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke aliyezika watu wake wote na bado anamwagilia maua. Nywele za Inspekta zilimsimama. Sajini aliangalia nyuma ya pazia, kisha akajifanya hakuangalia.

"Babu Saa, ni mimi."

"Mama. Wamenipigia, kama ulivyosema. Sikuwasikiliza. Niko mbele kwenye foleni, ngoja nimpe namba huyu kijana—"

"Usimpe."

"Vipi?"

"Toka kwenye foleni kwanza. Tafuta ukae. Umekaa?"

"Nimekaa. Unanitia wasiwasi, mama. Unaumwa?"

Kidole cha Sajini kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Inspekta alimzuia kwa macho.

"Siumwi. Nisikilize vizuri." Na hapo, katikati ya sentensi, ile sauti ya kizee ikaanza kumvuka, kama nguo inayoshuka begani, mpaka ikabaki sauti kavu, ya kawaida, isiyo nzuri sana. "Hakuna simu, babu. Ninalo ganda tu. Picha nilipiga chumbani kwangu. Wale waliokupigia ni polisi wa kweli, wamesimama hapa. Mimi ndiye mwizi."

Upande wa pili ilisikika foleni, mtu akiuliza kama mtandao umerudi.

"Sauti yako imebadilika," mzee alisema hatimaye.

"Hii ndiyo yangu. Babu, bado unahitaji simu ya mtoto. Usitume malipo kwa mtu usiyemwona, awe analia, awe anacheka, awe anakuita baba. Mwambie mkutane mchana, mahali penye watu, uende na mtu mwenye macho mazuri. Iwashe mwenyewe. Weka laini yako, mpigie binti yako pale pale, mwone usoni. Bonyeza nyota, reli, sufuri, sita, reli. Itatokea namba, ilinganishe na ya kwenye boksi. Akikuambia fanya haraka kuna mwingine anaitaka, mwache huyo mwingine aichukue. Hiyo haraka nimeitumia mimi. Hakuna aliyewahi kuwa nyuma yako."

"Ngoja," mzee alisema. "Ngoja, niandike kwenye kiganja. Nyota, halafu?"

"Reli. Sufuri. Sita. Reli tena."

Walimsikia akiandika, akirudia kila neno chini kwa chini. Fundi Pazia alimsubiri amalize. Inspekta alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, kwa hofu, kwa hasira, kwa kuchoka, lakini hakuwahi kumsikia mtu akivunja kazi ya mikono yake tofali kwa tofali na kumpa mwingine kila tofali mkononi.

"Na mumeo?" mzee aliuliza.

"Mume gani?"

"Marehemu. Aliyekuachia simu."

Fundi Pazia alifumba macho. "Sikuwahi kuwa na mume, babu. Nilimtunga."

"Kwa hiyo hakufa mtu."

"Hakufa mtu."

Mzee alishusha pumzi ndefu, pumzi ya mtu aliyetua mzigo.

"Afadhali," alisema. "Mimi na mtoto tulikuwa tunamwombea. Nilimfundisha na jina lake, analisema kwa vidole. Sasa nitamwambia yule baba ni mzima, yupo." Akakohoa kidogo. "Haya, mama. Mungu akusaidie na hao askari."

Simu ikakatika.

Fundi Pazia aliendelea kuishikilia mkononi muda mrefu baada ya sauti kuisha, mabega wazi, uso wake mwenyewe, usio wa mwanachuo wala wa muuguzi wala wa mjane. Alipojaribu kuongea, midomo ilicheza lakini haikutoka sauti ya mtu yeyote.

Sajini, mtu wa kifua na kelele, alizirudisha pingu mfukoni bila kuulizwa, akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo.

Inspekta alichutama mbele ya kile kiti cha gari.

"Pumzika kwanza," alisema. "Tutakwenda ukiwa tayari."